Toba ya Baiskeli ya Taban

Jumatatu, 5 Machi 2012

Mvua tangu alfajiri. Maji yaliingia saluni mpaka kwenye miguu ya kiti. Mteja mmoja tu, na nilimnyoa akiwa ameikunja miguu juu kama anaogopa panya. Bwaise ndiyo hii, bonde la Kampala.

Lakini habari ya leo si maji. Habari ni Huguette!

Mama Julienne alipita kuona kama sijazama. Huyu ndiye kiongozi wa waombezi katika kanisa letu la Wakongo, na ndiye niliyemtuma kupeleka posa yangu kwa Huguette. Huguette ni mjane, mtu wa Bukavu kama mimi, anatembeza vitenge kwenye maofisi ya Wandegeya. Nimempenda tangu siku aliyokuja kunyolewa akanikataza kumpunguzia bei. Jibu lake ni hili: hakukataa, hakukubali. Alisema marehemu mume wake alijua aina moja tu ya maombi, yaani nipe, nipe, nipe. Safari hii atamsikiliza mtu akiomba kwanza, ndipo atajibu.

Na semina ya maombi inaanza leo jioni mpaka Jumapili. Kila jioni aina moja ya sala. Basi ni mtihani, na mtihani wa kusema sijawahi kushindwa. (Ile ya kuandika tusiizungumzie.)

Jioni: sifa. Mama Julienne alifundisha kwamba sifa si kuomba kitu. Unamwambia Mungu alivyo, halafu unanyamaza. Kisha akaonyesha. Mwanamke mfupi, mikono imepauka kwa kutwanga sombe, majani ya muhogo ya kuuza, akafumba macho akasema, “Wewe ni mwema.” Basi. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Sijui anafanyaje.

Zamu yangu. Nilikuwa nimekusanya majina ya Mungu tangu mchana. Mwamba, Ngome, Jemadari, Rais wa marais, Kinyozi wa dhambi. Hilo la mwisho nadhani ni langu mwenyewe. Mtu mmoja alikohoa. Nilifungua jicho moja kumtazama Huguette. Alikuwa ameinamisha kichwa. Ama aliguswa, ama aliomba nimalize.

Halafu Opoka. Afande mstaafu, Mwacholi wa kaskazini, anaabudu kwetu kwa sababu Kiswahili cha kambini ndicho anachosema na watu wote, Mungu akiwamo. Alisimama, akasema, “Mungu, wewe iko mkubwa. Mimi Opoka.” Akakaa. Amina yake ilikuwa kubwa kuliko yangu!

Na baada ya sala Huguette aliondoka naye. Ameshika beseni, wanaelekea kwa Opoka. Si mara ya kwanza. Kumbe nina mpinzani, na mpinzani mwenyewe ana pensheni.

Jumanne, 6 Machi

Toba. Mama Julienne alisema toba ni kumwonyesha Mungu kidonda mahali kilipo. Usikifunike, usikipambe. Dada mmoja alisimama akakiri kwamba alimchukia wifi yake miaka na miaka. Alilia. Kanisa zima lililia. Huguette alikwenda akamkumbatia kwa muda mrefu.

Nikaona: toba ina kukumbatiwa.

Nikatafuta dhambi zangu haraka. Mavuno duni! Wivu, uvivu, maneno mengi. Dhambi za kila mtu. Hakuna atakayelia kwa ajili ya uvivu. Nilihitaji dhambi yenye uzito, lakini isiyomtisha bibi harusi. Damu, hapana. Wanawake, hapana kabisa. Wizi! Wizi mmoja mdogo, na mwizi amejuta. Nikasimama. Mdomo ulikuwa umeshatangulia. Niliiba baiskeli, nikasema. Sokoni Wandegeya. Kanisa likaguna. Ningekaa hapo, lakini kimya kilininogea, nikaongeza: nyeusi, ina sanduku la mbao nyuma la kubebea mikate.

Kwa nini sanduku? Kwa nini mikate? Nadhani niliwahi kuiona baiskeli kama hiyo ikipita. Mdomo huokota cha karibu.

Huguette aliweka mkono kifuani. Ushindi!

Ndipo nyuma kabisa akasimama mtu. Taban, msambazaji wa mikate, jioni yake ya kwanza kwetu, amealikwa na Opoka. Mwezi uliopita aliibiwa baiskeli sokoni Wandegeya. Nyeusi. Ina sanduku.

Nilifikiri atanipiga. Alikuja mbele akilia, akanikumbatia, akasema alishanisamehe kabla ya kunijua sura. Halafu akauliza iko wapi.

Iko wapi!

Nikasema iko mahali. Mdomo uliponza kichwa. Wahenga walinijua.

Jumatano, 7 Machi

Taban alifika saluni kabla sijafungua. Kwa miguu, sinia la mikate kichwani. Tangu aibiwe anatembea hivyo kutoka Bwaise mpaka vibanda vya chai vya Wandegeya, na nusu ya wateja wamemhama kwa sababu mikate inafika chai imekwisha. Hakuja kugomba. Alikuja kuniletea mkate! Eti nimemrudishia matumaini, na mkewe jana alilala usingizi kwa mara ya kwanza. Nikasema baiskeli iko kwa mtu, mtu yuko safarini, safari ni ndefu kidogo. Uongo huzaa kuliko sungura.

Mkate ulikuwa bado moto. Niliula wote. Mungu anisamehe, ulikuwa mtamu sana, na kila tonge lilinishutumu.

Mchana nilizunguka kutafuta baiskeli kuukuu nyeusi. Wauzaji wa Bwaise hawana huruma kwa mtu aliyetubu.

Jioni: maombezi. Hii nataka kuiandika vizuri.

Mama Julienne alisema maombezi ni kusimama mahali ambapo mwenzako angesimama kama angekuwa na nguvu. Waliniweka kwenye kigoda katikati. Wakaniwekea mikono. Huguette akaomba. Hakupiga kelele. Alisema “Aristide” jinsi unavyomwita mtu aje mezani. Alimwomba Mungu asiniaibishe, anipe nguvu ya kurudisha cha mtu, na wakati huohuo ailishe nyumba ya Taban. Hakujitaja hata kidogo. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyelitaja jina langu hivyo. Nililia. Machozi ya kweli! Hayakuwa kwenye mpango. (Lakini niliona kwamba Huguette ameyaona.)

Mwisho wakatangaza kwamba yeye na Mama Julienne watafunga mpaka Jumapili kwa ajili yangu. Maji tu.

Lazima niseme ukweli. Nitausema kesho.

Alhamisi, 8 Machi

Sikusema. Sababu ninayo: leo ni siku ya wanawake, wanaume wa kanisa tulipika. Nilipangwa kumenya matoke pamoja na Opoka. Mtu hakiri mbele ya mpinzani mwenye kisu.

Opoka alimenya kimya muda mrefu. Kisha akauliza lile sanduku lilifungwa na nini, kufuli au waya. Nikasema kufuli. Akasema, “Kamba.” Akamenya ndizi nyingine. Akauliza breki ya mbele ilikuwaje. Nikasema nzuri sana, inashika barabara. Akasema, “Haina.”

Jasho likanitoka. Za mwizi ni arobaini. Za asiye mwizi, naona, ni mbili tu.

“Mimi nakuwa polisi siku mingi,” akasema. “Mwizi mimi najua. Wewe hapana mwizi. Wewe iko mdomo tu.”

Nilingoja ainuke akatangaze. Silaha kama hiyo mkononi mwa mpinzani! Ningekuwa mimi, ningeshafika kwa Huguette na kurudi. Yeye aliendelea na matoke. Nikamuuliza kwa nini hasemi. Akajibu kwamba mwenye mdomo ndiye atasema. Hapo nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza waziwazi kama anamtaka Huguette. Alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Akaniambia nimfuate.

Nyumbani kwake, chumba safi, kitanda dirishani. Mke wake, Ajok. Kiharusi kilimchukua sauti na upande mmoja wa mwili. Huguette huja kila jioni kumwogesha, na beseni ni la hilo! Hajamwambia mtu yeyote. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Opoka aliketi, akashika mkono wa Ajok. Hakusema kitu. Ajok alimtazama. Muda ukapita. Nikainuka kuaga, akanionyesha kwa kidole nikae. Nikakaa. Nje watu walikuwa wakigombania bomba la maji. Ndani hakuna aliyetaka kitu kwa mwenzake. Baadaye akanieleza kwa Kiswahili chake kwamba hiyo ndiyo sala yake. Zamani alikuwa akimdai Mungu sana. Ajok aliponyamaza, alijifunza kukaa naye hivyo tu, akaona kwamba hata na Mungu inawezekana.

Sijapata kumheshimu mtu namna hii. Wala kumwonea wivu. Laiti ningeupata ukimya huo kabla ya Jumapili! Nilijaribu nyumbani. Nilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba sijala.

Ijumaa, 9 Machi

Nilikwenda Wandegeya kumwambia Huguette ukweli. Nilimkuta juani, vitenge begani, midomo imekauka kwa kufunga. Akatabasamu, akasema ana imani kubwa juu yangu.

Nikanunua kitenge.

Jumamosi, 10 Machi

Miujiza ipo! Nilipofika saluni, baiskeli imeegemezwa mlangoni. Nyeusi. Sanduku la mbao limefungwa kwa kamba. Breki ya mbele haipo. Matope kwenye magurudumu, hakuna mtu. Estelle, muuza chai wa jirani, hakuona kitu.

Nilipiga magoti kwenye matope. Kisha nikafikiri. Kumbe mwizi mwenyewe alikuwa kanisani Jumanne! Alinisikia nikiitubu dhambi yake, ikamchoma. Hakuna mchungaji aliyewahi kumfikia mwizi yule, nikamfikia mimi kwa uongo. Halafu nikaona kubwa zaidi: hakuna haja tena ya kusema ukweli! Taban anapata baiskeli, Huguette anapata mtu aliyetubu na kurudisha. Opoka atanyamaza, ndiyo kazi yake.

Ningeweza kuipeleka leo kwa Taban. Kweli, asubuhi hii alipita na sinia kichwani, niliifunika baiskeli kwa taulo za saluni. Iliniuma. Lakini kurudisha kitu bila mashahidi ni kama kumnyoa mtu gizani: atajuaje kwamba amependeza? Kesho, mbele ya kanisa zima.

Jumapili, 11 Machi

Nimeoga mara tatu na bado nanuka.

Nianze na mazuri. Niliingia uwanjani nikiisukuma baiskeli, vigelegele vikalipuka. Taban alilifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena, akalibusu. Mama Julienne, amekonda kwa njaa, alicheza. Na Huguette alinitazama. Mtazamo ule! Kwa mtazamo ule ningeziiba kweli baiskeli zote za Kampala.

Ningeondoka hapo. Lakini furaha ilimzidi Taban. Akasema mimi niendeshe, yeye apande nyuma, tuzunguke uwanja kwa shukrani. Watu wakapiga makofi. Mimi ni mtu wa Bukavu, kule vilima vinasimama wima. Sijawahi kupanda baiskeli maishani. Lakini nikafikiri, kama watoto wanaweza, ugumu uko wapi?

Baiskeli iliondoka kabla Taban hajapanda nyuma. Mungu ni mwema kwake. Uwanja wetu unateremka mpaka kwenye mtaro. Niliipita kwaya. Niliyapita masufuria ya matoke. Nilimpita mchungaji, akanipungia mkono, akidhani ni shangwe. Breki ya mbele, kama Opoka alivyosema, haipo, na ya nyuma sikujua iko upande gani.

Mtaro wa Bwaise baada ya mvua. Sitaeleza.

Nilipoinuka, maji meusi magotini, watu wote walikuwa wamesimama ukingoni. Taban aliiokoa baiskeli kwanza, simlaumu. Huguette alikuwa mbele. Akauliza, si kwa sauti kubwa:

“Aristide, haujui kupanda baiskeli. Uliiba namna gani?”

Nikafungua mdomo. Mara ya kwanza katika maisha yangu, ulikuwa mtupu. Opoka alinitazama. Nikasema. Sikuiba. Sikujua iko wapi, sijui aliyeileta. Nilitaka tu Huguette anisikie. Ukweli ulikuwa mfupi ajabu. Wiki nzima nimehangaika, kumbe unakwisha kabla mtu hajapangusa uso.

Mama Julienne aliketi chini palepale. “Ee Mungu wangu! Njaa yote hii, kumbe tuko tunafungia mtu mwenye hakuiba!” Nilitamani mtaro unichukue mpaka ziwani. Kaka mmoja wa kwaya akasema nifukuzwe. Huguette aligeuza uso, na hilo lilikuwa baya kuliko yote.

Aliyesema ni Taban. Alikuwa akifuta usukani kwa shati lake la Jumapili. “Lakini baiskeli yangu hii hapa,” akasema. “Iko mtu alileta.”

Nikaona uso wa Mama Julienne unabadilika. Akainuka polepole, akishika bega la Huguette, akainua mikono, akasema kama Jumatatu, “Wewe ni mwema.” Halafu akatugeukia. Alisema mwizi alikuwapo. Wiki nzima kuna watu waliosimama mahali pake na kumwombea apate nguvu ya kurudisha cha mtu, naye amerudisha. “Maombi ilifika,” akasema. “Ni jina tu njo tulikosea.”

Nimesikia wahubiri wenye vipaza sauti na suti nyeupe. Hakuna aliyewahi kunena kama mama huyu mwenye njaa, kando ya mtaro. Nililia tena, na safari hii uso ulikuwa umelowa tayari, hakuna aliyeona. Sikulia kwa ajili yangu.

Akaomba wote tumwombee yule mtu asiye na jina. Huguette aliomba kwa sauti ileile, kama anamwita mtu aje mezani. Kuisikia ikimwendea mwingine kuliniuma. Lakini nikasema amina, na niliimaanisha. Opoka alinivuta kutoka mtaroni kwa mkono mmoja, hakunikumbusha kitu.

Baada ya ibada Huguette alinisogelea, si karibu sana kwa sababu ya harufu. Alikuwa na hasira. Alisema yote. Kwamba nimelichezea jina la Mungu. Kwamba Taban ametembea na sinia Jumamosi yote huku baiskeli imefunikwa taulo. (Estelle! Muuza chai huona kila kitu isipokuwa mwizi.) Nilisimama nikayapokea. Kisha akakumbuka nilivyoipita kwaya, akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Akasema hivi. Jumapili ijayo ni ibada ya shukrani. Nisimame nimshukuru Mungu kwa kitu kimoja. Kidogo, lakini cha kweli. Akisikia kwamba ni cha kweli, atampa Mama Julienne jibu langu siku hiyohiyo. Akasema anatamani sana kiwe cha kweli. Anatamani sana! Nimeyaandika maneno yake kama yalivyotoka.

Kitu kimoja cha kweli. Mwanamke gani duniani anaomba mahari ndogo hivi? Nilirudi nyumbani nikiimba, mbwa wakinifuata kwa harufu.

Jumatatu, 12 Machi

Nimebadilika. Uongo basi! Mtaro umenifundisha.

Leo nimetafuta cha kushukuru. Vipo vingi. Nimshukuru Mungu kwa mkate wa moto wa Taban. Kwa jioni ile niliyoombewa kwa jina langu. Kwa Opoka na Ajok, na kidole kilichonikalisha. Vyote ni vya kweli.

Lakini ni vidogo, jamani. Nimekaa kwenye kanisa hili miaka, najua linavyoitikia. Mkate hupata amina moja, ya kuvutwa. Huguette atanisikia vipi katikati ya watu wanaopiga miayo? Kinachoinua kanisa ni uponyaji. Na mimi, ashukuriwe Mungu, niliumia! Kweli kabisa, kuna alama gotini kutokana na ile baiskeli. Leo inaonekana ukiitazama kwa makini. Ikizidi kidogo kidogo mpaka Jumamosi, na Jumapili nikaingia kwa shida, halafu katikati ya shukrani nikasimama wima! Huo si uongo. Goti ni langu, na Jumapili litakuwa limepona kweli.

Estelle ana magongo ya marehemu baba yake. Aliuliza ya nini. Nikamwambia ni ya kumshukuru Mungu, akaniazima.

Tatizo ni moja tu. Alama iko mguu wa kulia, na mimi nachechemea vizuri zaidi kwa wa kushoto. Kesho nitajaribu yote miwili mbele ya kioo.